STATA YA PAWATILA YETU
(Maneno ya Katibu wa Chama mkutanoni, yamebandikwa hapa kwa wale ambao hawakufika)



Jambo letu ni moja, pawatila. Ilikaa ghalani wiki tatu mvua za vuli zimeshaanza, na maharage ya rweya yakapandwa kwa jembe la mkono. Tulisema hapa hapa kwamba kijana aliyekuwa zamu ndiye aliyeiharibu, tukamwandikia deni. Sasa tumeifungua wenyewe. Ndugu zangu, tulimwonea.

Kamba ilikatika pale inapopita kwenye tundu la kifuniko. Ililika kidogo kidogo, maana wote tunaivuta kwa kuilaza upande, kisha tunaiachia ghafla kama manati. Sisi tunaosema haya tumefanya hivyo mara nyingi. Yeye aliikuta imebaki nyuzi tu. Na fundi mmoja alitaka tununue stata nzima! Kumbe springi nzima, meno mazima.

Kitabu cha mashine ni cha Kiingereza, lakini picha zake hata sisi wa kisomo cha watu wazima tunazisoma. Basi sikilizeni.

Kwanza chomoa waya wa plagi, injini isije ikawaka mikono ikiwa ndani. Fungua bolti, toa kifuniko cha stata. Ndani kuna gurudumu la kamba, na nyuma yake springi iliyojikunja kama nyoka. Hiyo usiichokoze, ikiruka inatoa jicho. Kama haijakatika iache ilipo.

Pima unene na urefu wa kamba ya zamani, utafute ya nailoni inayolingana nayo. Wavuvi wa ziwani wanazo. Ya katani haifai, inalika upesi. Ncha zichome kwa kiberiti zisifumuke. Kisha zungusha gurudumu kule kule kamba inakovutia mpaka springi ikaze, ulirudishe kidogo hadi tundu lake litazamane na tundu la kifuniko. Hapo wanatakiwa watu wawili, mmoja ashikilie gurudumu, mwingine apitishe kamba na kupiga fundo. Sisi lilituponyoka mara mbili tukaanza upya. Ukishafunga mkono wa kuvutia, achia polepole, gurudumu lijizungushie kamba lenyewe. Mkono ukining'inia, springi imelegea, ongeza mzunguko mmoja. Kamba isipotoka yote, umekaza mno, punguza.

Kamba ikivutika vizuri lakini injini haizunguki, tazama meno. Mara nyingi ni udongo umeyagandisha. Ikigoma kabisa kuvutika, usimwite mtu mwenye misuli zaidi. Toa plagi kwanza uone kama injini yenyewe inazunguka.

Wakati wa kuwasha, vuta taratibu mpaka uhisi imekamata, ndipo uvute kwa nguvu, kamba iende sawa na tundu. Usifike mwisho wake. Uirudishe kwa mkono.

Deni la yule kijana limefutwa daftarini leo, na jina lake limerudi kwenye zamu. Ndiye aliyeshika gurudumu wakati tunapiga fundo. Jumatatu mashine inatoka kwenda rweya, tunaanza na waliochelewa kupanda. Kwenye vibanja haiingii, waitu, mnajua mizizi ya migomba iko juu juu.