Ungo Juu ya Gari

Juma hili nataka tuzungumze juu ya ungo. Si ule wa kupepetea mchele, bali wa setilaiti; tena si wa kwenye paa la nyumba, bali wa juu ya gari linalokwenda.

Miaka michache iliyopita nilimsindikiza shangazi yangu katika gari la wagonjwa, usiku, kutoka kijijini. Muuguzi alitaka kumwuliza daktari wa mjini afanye nini, maana damu ilikuwa haikatiki. Simu haishiki. Kila penye kilima dereva alisimama, tukashuka kuinua simu juu kama waomba mvua. Shangazi alipona, lakini zile dakika tulizosimama sijazisahau.

Setilaiti nyingi za mawasiliano zimekaa juu ya ikweta, kiasi cha kilomita 36,000 kutoka ardhini. Ungo wa nyumbani huelekezwa mara moja, ukakazwa kwa boliti. Wa gari hauna raha hiyo. Gari likikata kona au likiruka shimo, lazima nao ugeuke papo hapo, kwa vipima-mwendo na mota ndogo. Aina mpya ni ubao bapa unaoelekeza mawimbi kwa umeme, hakuna kinachozunguka. Ukikosa shabaha huku unarusha, huivuruga setilaiti ya jirani. Kwa hiyo hutakiwa kunyamaza mpaka uipate tena yake.

Sisi wa karibu na ikweta tuna bahati: setilaiti iliyo katika longitudo yetu iko karibu na utosi, miti haiikingi sana. Wenzetu wa kaskazini ya Ulaya huitafuta chini, upande wa upeo wa macho.

Wala si jambo geni. Huko Marekani malori yalianza kupashana habari na ofisi zao kwa njia hii mwaka 1988. Setilaiti za chini za Starlink, zilizoanza kurushwa mwaka 2019, zilifungua huduma Kenya mwaka 2023.

Vyombo hivi ni ghali, na nina hofu vitaanzia juu ya magari ya nani. Mkubwa hupita kwenye lami, na simu yake inashika. Anayetokwa damu usiku kwenye barabara ya vumbi hana hata kimoja. Bajeti itakapopangwa, ungo wa kwanza ufungwe juu ya gari la wagonjwa.

Tusikilizane juma lijalo.