Danieli alisoma miaka 3
Andiko: Danieli 1:3-20



Mtihani wa Leta unakaribia. Watoto wetu wa mwaka wa mwisho wa humanite hawalali vizuri. Kunakuwa disertasio ya Kifaransa, na nyuma yake siku 4 za maulizo: maarifa ya jumla, sayansi, luga, na masomo ya opsio. Wa pedagojia anaulizwa namna ya kufundisha, wa biashara anaulizwa hesabu za biashara.

Mbele ya siku hizo, makanisa mengi tunaita wafinalisti walete biki zao tuziombee. Mimi pia nafanya hivyo. Lakini leo nataka kutubu mbele yenu.

Miaka imepita, mama mmoja alileta kijana wake, akasema: "Pasta, omba njia ifunguke." Nilipaka biki yake mafuta. Sikumuuliza kama alifungua daftari. Kisha nikasikia kwamba mama alikopa feza katika kikundi cha wamama, akalipa mtu ili majibu yaingie kwa telefone. Kijana akapata diploma ya pedagojia. Tuliimba, tukatoa sadaka ya shukrani.

Mangaribi moja akabisha kwangu. Alikuwa amekuwa mwalimu wa mwaka wa 5 wa primeri. Akasema: "Pasta, watoto wananiuliza namna ya kujumlisha sehemu za hesabu. Mimi mwenyewe sijui. Naandika ubaoni, nafuta." Akalia. Nami nilikosa neno, kwa maana mkono wangu ulikuwa juu ya biki ile.

Wapendwa, tusome Danieli vizuri. Alikataa chakula cha mfalme, lakini hakukataa masomo. Yeye na wenzake watatu walifundishwa maandiko na luga ya Wakaldayo, luga isiyo ya mama zao, kama vile watoto wetu na Kifaransa. Walisoma miaka 3. Mstari wa 17 unasema ni Mungu aliyewapa maarifa. Lakini aliwapa wakiwa masomoni. Na siku ya mtihani ilipofika, mfalme aliuliza kwa kinywa chake, nao wakajibu kwa kinywa chao. Akawaona wanapita wenye hekima wote mara 10. Hakuna malaika aliyewaletea maulizo ya mfalme usiku.

Basi, tufanye nini?

Baba, feza unayotafuta kwa kulipa majibu, nunua nayo daftari na taa. Mama, binti yako wa mwaka wa mwisho apunguziwe kazi ya kuchota maji mpaka amalize. Viongozi wa kwaya, waachilieni wafinalisti wasije kwenye mazoezi ya jioni, Mungu hatakasirika. Wewe mwalimu uliye mtoto wa Mungu, usiuze jibu.

Na wewe mfinalisti, ukianguka kwa haki, utarudia mwaka. Ni uchungu, ni feza za wazazi, lakini utainuka. Ukipita kwa wizi, utaogopa watoto wa primeri.

Jumapili hii leteni biki. Leteni na madaftari. Nitauliza kwanza, kisha nitaomba.

Bwana, uwape watoto wetu bidii, ukumbusho na moyo mnyofu. Utusamehe sisi wazazi na wachungaji. Katika jina la Yesu, amina.