Sauti ya Kukuzunguka Kwenye Kompyuta

Msikilizaji, wengi hununua seti ya 5.1, yaani spika tano na sabufa moja, wakaichomeka kwenye kompyuta kwa waya mmoja, kisha wakashangaa spika za nyuma ziko kimya. Waya ule hubeba njia mbili tu, kushoto na kulia. Tazama nyuma ya kompyuta: kwa kawaida tundu la kijani ni la spika za mbele, jeusi la nyuma, na la rangi ya chungwa la spika ya kati pamoja na sabufa. Laptop yenye tundu moja itahitaji kadi ya sauti ya nje. Kisha ingia kwenye mipangilio ya sauti, chagua 5.1, ujaribu spika moja moja.

Spika ya kati ikae chini ya skrini, maana mazungumzo mengi ya filamu hutokea hapo. Za nyuma ziwe ubavuni, nyuma kidogo ya masikio.

Muziki je? Nyimbo nyingi zimetengenezwa kwa njia mbili. Ni bora uzisikilize hivyo hivyo. Na usiku, tafadhali, punguza sabufa: besi hupenya ukuta hadi kwa jirani.