Kahawa ya Jirani



Nilipofika mlangoni mama mmoja wa mapokezi alinipa kahawa za kutafuna, kama ilivyo desturi yetu hapa Kagera mgeni anapoingia. Nimezitafuna wakati risala yenu inasomwa. Nilimuuliza kahawa ni ya wapi, akaniambia ni ya shambani kwake, nyuma ya nyumba. Angekuwa amechuma usiku kwa jirani, ladha ingekuwa hiihii na mimi nisingejua. Angejua jirani, asubuhi, akikuta matawi yake matupu. Na mimi ningeondoka hapa nikimsifu mama kwa ukarimu.

Nimefanya kazi ya ukaguzi wa hesabu za serikali kwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya kustaafu. Mambo mengi niliyoyakuta kwenye majalada yalikuwa kahawa ya jirani, na ndiyo maana mlipoleta barua ya kuniomba nije kufunga mafunzo haya sikusita.

Risala yenu ina maombi mawili. La kwanza, serikali iwabane wanaosambaza nyimbo zenu bila malipo. La pili, serikali iwasaidie wanamuziki wazee walioishiwa nguvu, iwalipie matibabu, na wakifa iwazike kwa heshima. Mmeyaandika katika aya mbili tofauti. Mimi nayasoma kama jambo moja, kwa sababu ombi la pili lisingekuwa refu kiasi hicho kama la kwanza lingepata jibu miaka arobaini iliyopita.

Lazima nianze na mimi mwenyewe. Miaka ya themanini nilinunua redio kaseti yenye deki mbili. Ijumaa jioni marafiki walikuwa wakija na kanda tupu, nami nawarekodia nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, Marijani Rajab, Mlimani Park, Vijana Jazz. Nilikuwa najiona mtu mwema. Sikutoza hata senti. Nilipenda muziki ule kwa dhati na nilitaka kila mtu awe nao. Harusi tatu za ukoo wetu zilichezwa kwa kanda zangu. Mwaka 1995 Marijani alipofariki nilihuzunika kama nimefiwa na kaka, na haikunijia hata mara moja kujiuliza katika kanda zote zile nilizogawa yeye alipata nini.

Kijana mmoja mwenye kibanda cha kurusha nyimbo aliniambia wakati wa chai, na alisema kwa adabu: "Mzee, wimbo haupungui. Nikimrushia mtu kwenye memori kadi, wa kwangu unabaki na wa msanii unabaki." Hoja hii ina nguvu, na wanaowaita vijana hawa wezi bila kuijibu wanawaonea. Nikikuibia mkungu wa ndizi, unalala njaa. Nikinakili wimbo wako, bado unao na jioni utauimba. Naongeza jambo lingine la kuwatetea: nyimbo nyingi za bendi zetu zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam na kanda zake zikabaki huko kwenye maktaba. Wengi wetu tunazijua leo kwa sababu kuna watu walizirekodi majumbani na kupeana. Kama kusingekuwa na aliyenakili, baadhi ya sauti hizo zingekuwa zimenyamaza.

Basi kinachochukuliwa ni nini? Ni kauli. Mwenye wimbo ndiye wa kusema huu nautoa bure, huu nauuza, huu usipigwe kwenye mkutano wa siasa. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa kauli hiyo maisha yake yote, na warithi wake miaka 50 baada ya kifo chake. Mimi na deki zangu mbili nilimnyang'anya Marijani kauli hiyo, nikagawa kwa jina langu, nikashukuriwa mimi. Nilikuwa mkarimu kwa kitu ambacho hakikuwa changu.

Sasa niruhusuni niingie upande wa pili, ambao ndio nimeufanyia kazi.

Ibara ya 136 ya Katiba yetu inasema fedha haitoki katika Mfuko Mkuu wa Hazina mpaka iwe imeidhinishwa na Katiba yenyewe au na sheria iliyotungwa na Bunge. Maana yake kwa lugha ya sokoni ni kwamba hakuna mkubwa yeyote mwenye fedha ya serikali ya kutolea sadaka. Ana fedha ya watu waliyomkabidhi kwa kazi waliyoitaja. Kuna halmashauri moja, sitaitaja, ambako nilikuta hati ya malipo ya mahindi ya kaya zenye njaa. Fedha ilikuwa halali, imepitishwa, na mahindi yalifika kweli. Lakini kwenye picha, kwenye hotuba na kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya magunia yaliandikwa kuwa zawadi ya mheshimiwa fulani. Wazee waliopiga magoti kushukuru walikuwa wanashukuru kwa kodi ya chumvi na mafuta ya taa waliyonunua wao wenyewe. Sikuwa na kifungu cha kuandika hoja ya ukaguzi, maana hesabu ilikaa sawa. Nililala vibaya usiku ule.

Na hapa Bukoba hatuwezi kuzungumza habari ya misaada bila kutaja Septemba 10, 2016. Mlioko ukumbini mnaikumbuka Jumamosi ile mchana, tetemeko la ukubwa wa 5.9, kuta zikianguka, watu wetu wakifa, familia zikilala nje kwenye migomba wiki baada ya wiki. Shule ya Ihungo na ile ya Nyakato zilibomoka kiasi cha kufungwa. Michango ikaja kutoka kila upande. Baadaye serikali ikaeleza kuwa michango itaelekezwa kwenye majengo ya umma, na Januari 2017 Rais Magufuli alipofika hapa alisema wazi kwamba serikali haitamjengea kila mtu nyumba yake.

Nataka niwe mwangalifu, kwa sababu jambo hili bado linauma. Serikali ilikuwa na sababu zake. Kujenga maelfu ya nyumba binafsi kwa fedha ya umma ni mzigo ambao nchi nyingi tajiri zisingeubeba, na shule iliyojengwa upya inamfaa mtoto wa kila mtu, pamoja na wa yule aliyepoteza nyumba. Hazina ingeamua hivyo kwa fedha zake, kupitia Bunge, nisingekuwa na neno. Lakini mchango una nia ya mtoaji ndani yake. Mtu aliyetuma elfu kumi kwa simu kutoka Mtwara alikuwa anamwona yule bibi aliyelala kwenye migomba. Huenda angeulizwa angekubali ijengwe shule. Hakuulizwa. Kauli yake ilichukuliwa, kama nilivyoichukua ya Marijani, na kwa nia njema vilevile. Mimi naamini hilo lilikuwa kosa, na nalisema mbele yenu kwa sababu linaweza kurudiwa kesho na watu wema kabisa.

Septemba hiyohiyo ya tetemeko, redio zote zilikuwa zinapiga "Salome" ya Diamond Platnumz na Rayvanny. Kila Mhaya aliyeisikia alijua imetoka wapi. Imetoka kwa binti wa hapa kwetu, Saida Karoli, aliyeimba Kihaya mwanzoni mwa miaka ya 2000 na watu wasiojua neno moja la Kihaya wakaimba naye. Kanda zake nilizikuta kwenye mabasi, kwenye saluni, kwenye meza za barabarani, na nyingi ya zile nilizoziona mimi zilikuwa za kunakiliwa, jina limeandikwa kwa kalamu. Mkoa wetu ulikuwa na utajiri ukipita barabarani na hatukuwa na daftari la kuuhesabu.

Kuhusu Diamond niseme jambo jingine, maana ni la kumpa heshima. Mzee Muhidin Gurumo alipotangaza kustaafu mwaka 2013, baada ya nusu karne ya kuimba, kuanzia siku za NUTA Jazz hadi Mlimani Park na Msondo, Diamond alimzawadia gari. Mzee alifariki Aprili iliyofuata. Kijana alitoa chake, kwa mkono wake, na Mungu amlipe. Lakini kila nikikumbuka siku ile najiuliza: hivi nyimbo ambazo taifa zima limezichezea harusi na kuombolezea misiba zilishindwa kumnunulia mwenyewe gari hadi mjukuu wa fani amwonee huruma?

Tumeanza kujirekebisha, na niliyaona mabadiliko hayo kwa macho ya mkaguzi. Mwaka 2013 tuliwekewa stempu za kodi kwenye CD na DVD za muziki na filamu. Wazo lilikuwa zuri, ila wakati stempu inabandikwa, mteja alikwisha kuhamia kwenye flashi, na flashi haina ganda la kubandika stempu. Januari 2022 COSOTA, taasisi ya serikali ya hakimiliki, iligawa mirabaha iliyokusanywa kwenye vyombo vya utangazaji, shilingi milioni 312, kwa wasanii zaidi ya 1,100. Ukigawanya sawa, kila mmoja hafikishi laki tatu. Ni kidogo, lakini iliandikwa kwenye orodha, wimbo kwa wimbo, na orodha kwangu mimi ni kitu kitakatifu. Kisha Sheria ya Fedha ya 2023 ikaleta tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vya kurekodia na kuhifadhia kazi za sanaa. Yaani nchi imekubali kwamba watu watanakili, na kwamba anayenakili atangulie kulipa kidogo.

Nawaomba viongozi waliopo hapa wanisikie kwenye hili kuliko yote. Siku fedha hizo zitakapokuja kugawiwa katika mkoa huu, tafadhali mtu asisimame akasema serikali imewasaidia wasanii. Asipigwe picha akimkabidhi mzee wa bendi bahasha huku mzee ameinama. Ule ni mshahara wake uliochelewa. Na ninyi wasanii, msikubali kushukuru kwa namna hiyo, maana mkizoea kushukuru hamtazoea kuuliza hesabu. Ulizeni. Wimbo wangu ulipigwa mara ngapi, na redio gani, na nani aliandika? Mwanamuziki mgonjwa asiye na kitu anastahili kutibiwa kama raia yeyote maskini, kupitia mfuko uliopitishwa kwa utaratibu unaojulikana, na asisubiri mkubwa aguswe moyo na taarifa ya habari.

Vijana wa vibanda, nimewaweka mwishoni kwa makusudi. Risala inataka mbanwe. Mimi siungi mkono mkamatwe. Marekani walijaribu. Napster, huduma ya kupeana nyimbo kwenye mtandao, ilipoanza mwaka 1999 watu wakaanza kupeana nyimbo kwa mamilioni. Mahakama zikaifunga mwaka 2001. Kisha kuanzia 2003 kampuni za muziki zikaanza kuwashtaki watu mmojammoja, hata mtoto wa miaka 12 wa New York ambaye familia yake ililipa dola 2,000 kumaliza kesi. Kupeana hakukukoma. Kulianza kupungua pale watu walipopata pa kupata nyimbo kihalali kwa bei ndogo bila usumbufu. Ninyi ndio pa kununulia. Mteja wa Kemondo au Kamachumu asiye na bando wala kadi ya benki anawajua ninyi, anawaamini, anawapa mia tano yake. Kinachokosekana ni leseni ya bei mnayoweza kuimudu na daftari la kuandika kila wimbo mnaorusha. Katika siku hizi tatu za mafunzo mmekaa meza moja na wanamuziki mkatengeneza kielelezo cha daftari hilo. Nimelipitia jana usiku. Safu ya jina la mtunzi ni nyembamba, ipanueni. Mara nyingi aliyetunga siye aliyeimba. Mengine yote yako sawa, na nitakaa na mwenyekiti wenu tuiandikie barua ofisi inayohusika.

Mwisho, desturi inataka mgeni rasmi atoe ahadi. Sina fungu la serikali la kuahidi, na hata nilipokuwa kazini sikuwa nalo. Nina pensheni yangu. Juzi nilifungua simu yangu nikahesabu nyimbo za wasanii waliomo ukumbini humu ambazo sikuzilipia: nimezikuta kumi na saba, nyingine nimetumiwa na watoto wangu kwa WhatsApp, nyingine nilirushiwa stendi. Nimeziandika kwenye karatasi pamoja na majina ya wenyewe, na nimekuja na fedha taslimu, elfu mbili kwa kila wimbo.

Kwa hayo machache, natamka kwamba mafunzo haya yamefungwa rasmi. Nikishuka hapa nitapitia mezani kwa mweka hazina. Mama, naomba uniandikie risiti, na pale palipoandikwa "kwa ajili ya" tafadhali usiandike mchango. Andika malipo ya nyimbo kumi na saba.