Nchi Jirani: Maradhi ya Mifugo Hayatambui Mpaka



Mwishoni mwa mwaka 2006 mvua kubwa zilinyesha Kaskazini-Mashariki ya Kenya. Mabonde yalijaa maji na malisho yakachipua. Lakini kabla ya mwaka kwisha, mbuzi na kondoo wa huko Garissa walikuwa wakitupa mimba, na watu wakifa kwa homa na kutokwa damu.

Hiyo ilikuwa Homa ya Bonde la Ufa, ambayo virusi vyake viligunduliwa mwaka 1931 katika kondoo wa shamba moja karibu na Ziwa Naivasha. Hadi Machi 2007, Kenya ilikuwa imeandikisha wagonjwa 684, na 155 kati yao walifariki. Somalia iliandikisha wagonjwa 114, wakafa 51. Tanzania, ambako ugonjwa ulidhihirika Januari 2007, ilipoteza watu 109 kati ya wagonjwa 264 katika muda wa miezi minne hivi.

Mayai ya mbu waenezao virusi hivyo hukaa ardhini miaka mingi ya ukame. Yakifunikwa na mafuriko huanguliwa, na mbu hao huwauma mifugo. Hata hivyo, watu wengi hawaambukizwi na mbu. Huambukizwa kwa kugusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa wakati wa kumchinja, kumchuna au kumsaidia kuzaa. Maziwa mabichi nayo yana hatari. Chanjo ya mifugo ipo, lakini hufaa itolewapo kabla maradhi hayajazuka.

Mvua na mbu hatuwezi kuviwekea kizuizi barabarani. Lori la mifugo tunaweza. Serikali ya Kenya ilipozuia uchinjaji na usafirishaji wa mifugo huko Garissa, amri ile ilikuwa karatasi tu mpaka ilipomfikia askari aliyesimama njiani. Askari anayepokea chai usiku na kuinua mti wa kizuizi hapitishi ng'ombe tu. Hupitisha msiba uelekeao nyumba asizozijua, na pengine nyumba yake mwenyewe.

Basi askari wa doria akiuziwa mbuzi kwa bei ya kutupa, na ajiulize kwanza kwa nini bei imeshuka. Mnyama aliyekamatwa naye si kitoweo cha kituo. Aitwe bwana mifugo. Wala amri ya karantini si ruhusa ya kumpiga mfugaji. Ng'ombe ni akiba yake na karo ya watoto wake. Akielezwa kwa heshima, yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kuleta habari za mizoga na mimba zilizotupwa, na habari hiyo ikija mapema huokoa maisha.

Wahenga walisema: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Jirani zetu walinyolewa, nasi tulinyolewa pamoja nao. Mvua kubwa zitanyesha tena. Zitukute macho.