MAWE HAYA MAANA YAKE NINI?

Masomo: Yoshua 4:1-7, Warumi 16:1-16



Leo twawaalika mtembee pamoja nasi katika mji wa Voi na nchi ya Taita na Taveta. Wengi hupita Voi wakiwa safarini kati ya Mombasa na Nairobi. Huona udongo mwekundu, miiba, mibuyu na mashamba ya mkonge. Husimama kidogo kunywa chai, kisha huendelea. Hudhani kwamba katika nyika ile hamna kitu cha kutazama ila ndovu wa Tsavo. Kumbe nchi hiyo imejaa mawe yanayosema, kama yale kumi na mawili ambayo Yoshua aliamuru yatolewe katika mto Yordani, ili watoto watakapouliza maana yake, wazazi wawe na la kuwajibu.

Tuanze na reli. Mwaka 1898, daraja la mto Tsavo lilipokuwa likijengwa, simba wawili waliwavamia wafanya kazi usiku, wakiwatoa hemani mmoja mmoja. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo, msimamizi wa kazi, J. H. Patterson, aliwaua wote wawili. Tangu miaka ya 1920 simba hao wamo katika jumba la makumbusho huko Chicago, Marekani, na watu hulipa kiingilio kwenda kuwatazama. Je, waliliwa watu wangapi? Patterson mwenyewe alitoa hesabu mbalimbali. Mwaka 2009 wataalamu waliochunguza mifupa na manyoya ya simba hao walikadiria watu kama 35. Tazameni ajabu hii: simba wanajulikana dunia nzima, lakini ni wangapi kati yetu wawezao kutaja jina la hata mmoja wa wale walioliwa? Nao walikuwa na mama zao, wengi wao huko India.

Twendeni sasa upande wa magharibi, njia ya Taveta. Mwaka 1914 Wajerumani waliiteka Taveta, na mwaka uliofuata Waingereza wakaanza kujenga reli kutoka Voi kwenda Maktau, ili kupeleka majeshi. Tarehe 12 Februari 1916 askari wengi kutoka Afrika Kusini walianguka katika kilima cha Salaita. Leo yako makaburi ya vita Voi, Maktau na Taveta, yaliyotunzwa vizuri, na mawe yake yana majina. Lakini nani alibeba unga, maji na risasi? Ni wapagazi Waafrika, waliokufa kwa makumi ya maelfu katika vita ile ya Afrika Mashariki, zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Wengi wao hawana kaburi lijulikanalo. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri jambo hilo, ikaomba radhi.

Tena upo mlima Kasigau, kusini ya Voi. Mmishenari Johannes Rebmann alifika huko mwaka 1847, kabla hajauona Kilimanjaro. Lakini mwaka 1915 Waingereza waliwashuku watu wa Kasigau kwamba wamewasaidia Wajerumani, wakawahamisha, wazee kwa watoto, mpaka Malindi. Wengi walikufa huko kwa maradhi, na ilipita miaka mingi kabla ya waliosalia kurudi mlimani kwao. Waliolia kando ya mito ya Babeli wangaliwaelewa.

Labda mtu atasema, “Mchungaji, mambo hayo yamekwisha. Tuhubirieni Injili.” Ndugu yetu, hebu fungua Warumi sura ya 16. Mtume Paulo, baada ya kueleza mambo makuu ya neema na imani, anaanza kutaja watu: Foibe, Priska na Akila, Mariamu aliyejitaabisha, na mama yake Rufo, ambaye alikuwa kama mama kwa Paulo pia. Wengi wao hatuna habari yao nyingine yo yote. Hata hivyo Roho Mtakatifu aliona vema majina yao yaandikwe. Kwake Mungu, mtu si hesabu. Mchungaji Mwema huwaita kondoo wake kwa majina.

Wazee wa Taita wa zamani nao waliona uzito wa jambo hili kwa kadiri ya nuru waliyokuwa nayo. Mafuvu ya wazee waliokufa yaliwekwa katika mapango, kila ukoo na pango lake. Sisi Wakristo hatuwaombi wafu, maana mwombezi wetu ni mmoja, Kristo. Lakini walitambua kwamba mzee wa ukoo si wa kutupwa na kusahauliwa, na katika hilo twaweza kujifunza kwao.

Na Kanisa letu je? Twajua kwamba J. A. Wray wa C.M.S. alifika Sagalla mwaka 1883, na kwamba ukame ulipokuja watu walimshuku kuwa ndiye aliyezuia mvua. Vema tumkumbuke. Lakini nani alimwonyesha njia ya kupanda mlima? Nani alimfundisha lugha? Ni mama gani aliyesadiki wa kwanza, akachekwa na jirani zake? Tangu mwaka 1993 Taita Taveta ni dayosisi kamili. Haikuota yenyewe kama nyasi baada ya mvua. Wako waliopanda kwa machozi.

Basi twawaomba jambo moja. Juma hili, wewe kijana, chukua daftari, uende kwa nyanya au babu mcha Mungu katika mtaa wenu. Mwulize: nani walianzisha kanisa letu? Nani alibeba mawe ya ukuta huu? Andika majina, pamoja na ya walioonewa, si kwa kulipiza kisasi bali kwa ajili ya kweli. Usingoje mwakani. Mzee akiisha kuzikwa, daftari halina wa kumwuliza.

Tuombe. Ee Mungu wa baba zetu, wewe uliyewaona wale waliokufa nyikani bila jiwe wala jina, utufundishe kumheshimu kila mtu uliyemwumba. Utupe masikio ya kuwasikiliza wazee wetu, na mwisho utukumbuke sisi nasi, majina yetu yaonekane katika Kitabu cha Uzima. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.