Ufanisi wa Mitambo ya Umeme wa Gesi na Faida Yake kwa Wakazi wa Kanda ya Ziwa

(Mazungumzo ya Afisa Habari kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Nimetakiwa nizungumzie jambo ambalo wengi hulidhania kuwa ni la mafundi peke yao, nalo ni ufanisi wa mitambo ya kufua umeme kwa gesi asilia. Mkazi wa Nansio au wa Igoma ana haki ya kuuliza: mitambo hiyo iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa, nasi yatuhusu nini? Jibu ni kwamba gridi ya Taifa ni moja. Mtambo ukipungukiwa nguvu huko, friza ya sangara huzimika huku, pampu ya maji husimama, na kinu cha kusaga hufungwa mchana kweupe.

Ndugu wananchi,

Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982. Hata hivyo kwa miaka mingi tuliendelea kutegemea maji ya mabwawa, na ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukatuonyesha hatari ya kutegemea mvua pekee. Gesi ya Songo Songo ilianza kufua umeme Ubungo mwaka 2004. Mwaka 2015 bomba kubwa kutoka Mtwara likafika Dar es Salaam, na kituo cha Kinyerezi II chenye uwezo wa megawati 240 kikazinduliwa mwaka 2018.

Wako wanaosema kwamba, kwa kuwa Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 limekamilika mwaka 2025, gesi haina kazi tena. Rai hiyo si sahihi. Mto ni neema, lakini hufuata mvua. Mgao wa mwaka 2023 ulitokana na maji kupungua na mahitaji kuongezeka, na wakati huohuo baadhi ya mitambo ya gesi ilikuwa katika matengenezo. Kwa hiyo gesi ni akiba ya mwaka wa ukame, na akiba haifai kufanyiwa israfu.

Sasa niseme jinsi mtambo huu unavyofanya kazi. Huvuta hewa, ukaishindilia kwa nguvu kubwa, ukaichanganya na gesi na kuiwasha. Moshi wenye joto kali husukuma mapanga ya tabaini, nayo huzungusha jenereta. Lakini zaidi ya nusu ya nguvu ya tabaini hiyo hurudi kushindilia hewa, na joto jingi hutoka na moshi. Mtambo wa kwanza wa aina hii kufua umeme wa mji ulitengenezwa kwa ajili ya Neuchâtel, Uswisi, mwaka 1939, nao uligeuza kuwa umeme kiasi cha asilimia 17 tu ya joto la mafuta yake. Mitambo ya leo inayofanya kazi peke yake hufikia asilimia 30 hadi 40. Sehemu inayobaki hupotea hewani.

Dawa iliyo kubwa kuliko zote ni kulikamata joto hilo. Mama lishe wa Kirumba anajua jambo hili: moto unaokaanga samaki, ukizibwa vizuri pembeni, huchemsha na sufuria ya pili bila kuongeza mkaa. Kinyerezi II imejengwa kwa kanuni hiyo. Moshi wa tabaini sita za gesi huchemsha maji, na mvuke wake huzungusha tabaini nyingine mbili. Katika vituo vya namna hii karibu theluthi ya umeme hupatikana kwa mvuke, yaani bila kuchoma gesi ya ziada. Ufanisi hupanda kufikia asilimia 50 na zaidi. Kituo cha Bouchain, Ufaransa, kilivuka asilimia 62 mwaka 2016.

Tufanye hesabu ndogo. Ili kupata megawati 100 za umeme, mtambo wenye ufanisi wa asilimia 33 huhitaji megawati 300 za joto. Wenye asilimia 50 huhitaji 200. Umeme ni uleule, na theluthi moja ya gesi imebaki ardhini kwa ajili ya watoto wetu.

Yapo na mambo mengine manne ya kuzingatia.

Kwanza, usafi. Nyinyi mnayajua mawingu ya vijidudu yanayopanda kutoka ziwani kama moshi na kuziba kila tundu. Mtambo wa pwani huvuta vumbi na chumvi ya bahari kwa namna hiyohiyo. Vichujio visipobadilishwa na mapanga yasipooshwa kwa wakati, nguvu hushuka kidogo kidogo bila mtu kutambua.

Pili, joto la hewa. Mitambo hii hupimwa kiwandani kwa hewa ya nyuzi 15. Kila hewa ipandapo nyuzi moja, nguvu hupungua kwa kati ya nusu ya asilimia na asilimia moja. Hivyo mchana wa joto kali Dar es Salaam mtambo unaweza kupoteza hata sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Kupooza hewa inayoingia, kwa manyunyu ya maji au kwa mashine za baridi, hurejesha sehemu ya hasara hiyo.

Tatu, kiasi cha mzigo. Tabaini inayofanya kazi nusu nusu hula gesi nyingi kwa umeme mchache. Ni bora mitambo miwili iliyoshiba kuliko minne yenye njaa.

Nne, matengenezo yenye ratiba. Mtambo usimamishwe msimu ambao mabwawa yamejaa, usisubiri kuharibika msimu wa kiangazi.

Huenda mtu akauliza kwa nini tusiweke tabaini za gesi hapa Mwanza. Mbali na kwamba bomba halijafika, ziwa letu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na tabaini hapa ingepoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Kituo cha Nyakato hutumia injini za mafuta mazito, ambazo haziathiriwi sana na mwinuko, lakini mafuta hayo husafirishwa nchi kavu kwa gharama kubwa. Ndiyo maana kila asilimia inayookolewa Kinyerezi ni nafuu kwa Kanda ya Ziwa.

Ndugu Watumishi, Ndugu Wananchi,

Wajibu si wa mafundi pekee. Mahitaji hupanda sana saa za jioni, na hapo ndipo mitambo yenye ufanisi mdogo hulazimika kuwashwa. Watumishi mnaombwa mzime viyoyozi na taa mnapofunga ofisi. Wenye friza za samaki wakague mipira ya milango na kugandisha barafu usiku wa manane badala ya saa moja jioni. Wenye viwanda wapange kazi nzito nje ya saa hizo.

Wahenga walisema akiba haiozi. Gesi iliyobaki ardhini haiozi, bali ikichomwa bure hairudi.